Vigingi vya Vitambaa Vyekundu

Jumatatu, 4 Septemba

Kitabu hiki nimepewa na nesi wa dispensari. Amesema niandike Wanza akianguka kifafa, saa ngapi, na alikuwa anafanya nini, ndio daktari akija ajue kama ataongeza vidonge. Nikamwambia mimi niliacha shule darasa la tano. Akasema, "Mama Wanza, kuanguka na kutoanguka hakutaki digrii." Basi naandika. Leo hakuanguka.

Wanza ni kitinda mimba wangu. Mwili una miaka kumi na saba. Akili ilibaki pale pale kwenye umri wa miaka minne, homa ya kichwa ilipomkuta.

Jumanne, 5 Septemba

Hakuanguka.

Jumatano, 6 Septemba

Hakuanguka. Upepo. Vumbi mpaka ndani ya unga.

Jumamosi, 9 Septemba

Ameanguka mara moja, saa nne asubuhi, mlangoni. Hakuumia.

Lakini si hilo lililonifanya nikae chini kuandika. Mchana nilikuwa napepeta mbaazi, nikainua kichwa, mtoto hayuko. Niliita mpaka sauti ikakatika. Nilimkuta chini kabisa, ndani ya bwawa, maji yako magotini, anacheka na kivuli chake. Hapo hapo ndipo wiki jana mamba alichukua mbuzi wa shemeji yangu Ndunda. Nilimshika mkono nikamvuta, naye ananiita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, maji baridi," kama mtu anayenikaribisha soda.

Akianguka nikiwa karibu, namgeuza kwa upande, nampangusa mate, tunaendelea na maisha. Akianguka ndani ya maji ni nani atamgeuza?

Nimefikiri siku nzima. Pande mbili za shamba letu zina makonge yaliyofungamana na miiba, hapiti. Juu ni barabara na jiko langu, nikiwa hapo namwona. Chini ndiko wazi, kutoka lile jiwe kubwa mpaka ule mgunga, na baada ya hapo ni maji ya bwawa la Masinga, hayana mlango. Kukiwa na seng'enge hapo chini, nitalala.

Mwezi wa sita tulienda na akina mama wa kanisa kumwona Peris, kule Ndithini. Kijana wake Muema ako kama Wanza. Tulimkuta amefungwa mguu kwa kamba kwenye nguzo ya ghala, mwanamume mzima, ndevu zimetoka. Peris alitumiminia chai. Sikuinywa. Tukitoka nilisema kwa sauti, na najua alisikia, kwamba hata mbuzi wangu hufunguliwa jioni.

Mimi sitafunga mtoto. Nitafunga shamba.

Jumanne, 12 Septemba

Hakuanguka. Musyoka, mtoto wangu wa kwanza, amepiga simu kutoka Mlolongo. Kule anakofanya kazi wanabomoa ua wa zamani, amepewa nguzo na mizingo miwili ya seng'enge. "Lakini mama, ni hizo tu. Usiniambie tena zimepungua." Nimemwambia Mungu amwongezee.

Alhamisi, 14 Septemba

Hakuanguka. Leo naandika nikiwa na furaha, wacha niseme ukweli.

Fundi Kiema amekuja kupima. Kiema ni mtu wa maneno mengi, lakini mkono wake unajua kazi. Nilimwambia achimbe leo leo. Akapiga ardhi kwa mtaimbo, ukaruka kama umepiga reli.

"Unasikia mama? Hii inakukataa. Shimo huchimbwa mvua ya kwanza ikishalainisha. Saa hii tunapima na kuweka alama. Mtu akichimba kabla ya kupima, ua wake utatembea kama mlevi anayetoka sokoni."

Alifunga kamba kwenye jiwe, tukaivuta mpaka kwenye mgunga, ikakazika mpaka ikawa inalia ukiigusa. Kwa kona alikuwa na kamba nyingine ya katani, ina mafundo. Hatua tatu huku, hatua nne huku, na ile ya kuunganisha ikiwa tano, kona iko sawa. Nikamuuliza nani alimfundisha. "Mama yangu alikuwa anashona vitanda vya kamba. Mimi ni profesa wa vitanda." Nilicheka, sijui mara ya mwisho ni lini.

Halafu akapigilia kigingi kila hatua nne kufuata kamba. Vigingi kumi na vinne. Akasema tuvifunge kitambaa kinachoonekana, ng'ombe wasivikanyage. Nikatoa ile gauni nyekundu ya Wanza ya zamani, aliyovaa akiwa mdogo kabla ya homa, nikaichana vipande kumi na vinne, kilichobaki nikakiweka. Wanza alikaa karibu akitazama. Kila kigingi kilipovaa kitambaa chake alipiga makofi.

Ile kamba ya mafundo Kiema ameniachia. Imetundikwa jikoni.

Ijumaa, 15 Septemba

Hakuanguka. Shemeji Ndunda amekuja. Ndunda ni mdogo wa marehemu mume wangu Nzomo. Shamba lake limepakana na letu kwa makonge, na karatasi ya shamba bado ina jina la baba yao, haijagawanywa. Ng'ombe wake hupita chini kwetu kwenda kunywa. Ni njia ya zamani, hata Nzomo akiwa hai walipita.

Alisimama kwenye vigingi, mikono nyuma.

"Shemeji, hii kazi ni nzuri. Lakini pandisha."

"Nipandishe wapi?"

"Hatua ishirini juu. Hapa utakuwa umeziba njia ya ng'ombe. Na maji nayo…"

"Hatua ishirini ni mitaro miwili ya mahindi, Ndunda."

"Najua ni mitaro miwili. Niliichimba na ndugu yangu."

"Na hiyo mitaro ikibaki nje ya ua itakuwa ya nani?"

Alinitazama kama nimemtemea mate. Akasema, "Mama Wanza, mimi nakuambia mambo ya maji, wewe unaniambia mambo ya udongo." Akaenda zake.

Mitaro miwili! Mume akifa, kila mtu anaona shamba lake ni refu sana.

Jumatatu, 18 Septemba

Ameanguka saa moja asubuhi, kitandani. Vigingi vitatu havipo. Vimeng'olewa, havikukanyagwa. Nimechonga vingine, nimevirudisha.

Jumatano, 20 Septemba

Hakuanguka. Wanza amekuja jikoni pindo la gauni limelowa. Nikamuuliza umetoka wapi. "Watoto wachafu," akasema. Nikajua ni watoto wa shule wamemwagia maji tena. Nimewapigia kelele wakipita barabarani, wakakimbia wakicheka.

Jumapili, 24 Septemba

Tumetoka kanisani tukakuta vigingi vinne havipo. Ndunda hakuja kanisani leo. Mimi naandika tu, sisemi kitu.

Jumatano, 27 Septemba

Hakuanguka. Vigingi viwili.

Jumanne, 3 Oktoba

Ameanguka mara mbili. Joto limezidi, hata kuku wanatembea midomo wazi.

Nimeenda kwa makonge kumuuliza Mwelu. Mwelu ni bibi yake Ndunda. Tuliolewa katika boma hili mwaka mmoja, tukasaidiana kuzaa. Alikuwa anaanika kunde.

"Mwelu, bwana yako anafanyia nini vigingi vyangu?"

"Vigingi gani?"

"Vya vitambaa vyekundu."

"Ai! Ndunda atafanyia nini vijiti? Atapikia uji?"

"Anataka kuning'oa pole pole."

Akaacha kunde. "Mama Wanza, utajuta hilo neno. Ungejua huyo mtu anafanya nini huko chini kila siku, ungenyamaza."

"Anafanya nini?"

"Muulize mwenyewe. Alinikataza kukusumbua."

Nikarudi nimekasirika zaidi. Kumbe kuna siri, na mke anaijua.

Ijumaa, 6 Oktoba

Hakuanguka. Vigingi vitatu tena. Nimebaki na kitambaa kidogo sana. Nachonga vigingi usiku na mchana kama mtu anayetengeneza vijiko vya kuuza. Mawingu yamejaa upande wa Muthetheni, lakini hayashuki. Mvua ikinyesha kabla mstari haujasimama, Kiema atachimba wapi?

Jumamosi, 14 Oktoba

Leo nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Nilipeleka maneno kwa mzee wa kijiji. Tukakaa kwake asubuhi, watu kama ishirini, Ndunda upande ule na Mwelu, mimi upande huu. Wanza nilimweka karibu yangu akicheza na vizibo vya soda. Mzee akasema kila mtu aseme yake kwa upole.

Nilisema. Nikahesabu vigingi vyote tangu siku ya kwanza. Nikasema huyu mtu anataka mitaro miwili, na kwa mitaro miwili yuko tayari mtoto wa ndugu yake aliwe na mamba.

Ndunda alisimama. "Sijagusa kigingi chako hata kimoja. Ua ukikaa pale chini, mvua kubwa ikija, utakuwa ndani ya maji. Mimi ndiye ninayelisha ng'ombe pale, najua maji hufika wapi. Nilitaka kukuambia, ukaniita mwizi."

"Kama hujagusa, apa."

"Naapa mbele ya Mungu."

"Mungu hata wezi humwapia. Apa kwa kithitu."

Kikombe kilianguka mahali. Hata mzee wa kijiji alitazama chini. Kithitu ni kiapo cha kuua, si neno la kutoa ukiwa na hasira kama vile mtu anamtukana jirani. Wakamba wanajua. Aliyeapa uongo hufa, na watu wa damu yake hufuata, mmoja mmoja, mpaka kitolewe. Mimi ni mama wa kanisa, nimevaa kitambaa cha akina mama, na hilo neno lilitoka katika mdomo huu.

Ndunda akasema pole pole, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza:

"Shemeji, kithitu hakiulizi nani ni wa nyumba gani. Kikila, kinakula damu moja. Huyo aliyekaa hapo na vizibo ni damu yangu. Umemtaja yeye pia."

Mzee akasema kithitu kikishatajwa, hata kama hakuna aliyeapa, neno limeshatoka. Haliwezi kurudishwa kwa kusema pole. Mpaka wazee wa ukoo wakae, mbuzi achinjwe, nyumba hizi mbili zisipeane moto, zisile pamoja, mtu wa huku asivuke kwenda kule, wala asiguse cha mwenzake. Na wazee wa ukoo hukaa Januari, watu wakisharudi nyumbani na mvua ikiisha.

Tulitoka. Wanza akamkimbilia Ndunda kama kawaida yake, mikono juu, "Baba Ndunda! Baba Ndunda!" Ndunda akarudi nyuma hatua mbili, mikono ameinua juu asimguse, kama mtu ameonyeshwa bunduki.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikuenda kanisani. Wanza hakuanguka.

Jumatatu, 16 Oktoba

Hakuanguka. Musyoka amepiga simu. Habari zilimfikia Mlolongo kabla sijamwambia. "Mama, umesema nini? Mama, hilo neno ulilitoa wapi?" Nimemwambia nguzo na seng'enge alizotuma zilifika, ni nzuri sana.

Alhamisi, 19 Oktoba

Vigingi viwili vimeng'olewa tena.

Nimekaa chini pale pale kwenye shimo dogo la kigingi. Mtu gani haogopi hata kithitu? Naliuliza hilo swali tangu asubuhi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Ameanguka saa saba mchana. Nesi amesema dawa ibaki ile ile. Majani ya mgunga yamechipua na mvua haijanyesha, mti unajua.

Jumatano, 1 Novemba

MVUA. Imenyesha tangu asubuhi, harufu ya udongo imeingia mpaka kwenye blanketi. Hakuanguka.

Ijumaa, 3 Novemba

Kiema amekuja na mtaimbo na sululu. Tumevuta kamba upya kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye mgunga. Nguzo zote na seng'enge tumezibeba mpaka chini, tukazipanga kando ya mstari, isipokuwa nguzo moja iliyobaki hapa nyumbani, Kiema huikalia akinywa chai. Amechimba mashimo mawili, mvua ikatufukuza. Mashimo yamejaa. "Kesho kutwa," amesema.

Jumapili, 5 Novemba

Mvua. Hakuanguka.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua. Hakuanguka. Kiema hakuja.

Jumanne, 7 Novemba

Leo mvua ilipumzika kidogo. Nilimwona Wanza akishuka, ameshikilia leso kifuani kama amebeba kitu. Sikumwita. Sijui kwa nini sikumwita. Nilivua viatu nikamfuata kwa matope.

Alifika kwenye mstari, akachuchumaa, akakishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa huku na huku pole pole, kama unavyomng'oa mtoto jino, asiumie. Kikatoka. Akapangusa matope kwenye kitambaa. Akakiweka ndani ya leso na kingine alichokuwa nacho, akakifunika uso. Akashuka majini.

Kwenye ukingo, chini ya kichaka, viko vyote. Vyangu vyote. Amevilaza kwenye majani kwa safu, kila kimoja kimevaa kile kipande cha gauni yake, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Aliingia maji ya magoti na kuanza kuwaosha, mmoja mmoja, akiwaimbia.

"Watoto wachafu," akaniambia aliponiona. Akanipa mmoja nimshike.

Mimi ndiye niliyewavalisha. Kabla sijaleta vigingi alikuwa akienda majini mara moja moja tu, akikumbuka. Nikachana gauni yake nikampa watoto kumi na wanne, na watoto huoshwa kila siku.

Nilipanda naye nimemshika mkono. Mwelu alikuwa ng'ambo ya makonge na jembe. Aliona yale yaliyokuwa mikononi mwetu. Aliweka jembe chini.

"Sasa umejua."

"Mwelu, ulijua?"

"Vigingi sikujua. Maji nilijua. Ndunda amemtoa huyo mtoto majini mara sita tangu Agosti. Mara moja alikuwa anaanguka, akamshika kichwa nje ya maji mpaka ikapita. Anampandisha mpaka pale kwa mtaro, anamwambia nenda kwa mama. Alisema nisikuambie, kwamba wewe hulali tayari."

"Na sasa?"

"Sasa? Sasa hawezi kumgusa. Si ulisema wewe?"

Aliinua jembe lake akaendelea kulima. Niliona analia kwa sababu alikuwa analima mahali pamoja.

Jumatano, 8 Novemba

Ameanguka mara mbili.

Ijumaa, 10 Novemba

Hakuanguka. Nilisimama kwenye makonge tangu asubuhi mpaka Ndunda alipotoka. Nilipiga magoti upande wangu. Nikamwambia ni Wanza, nikamwambia amevifanya watoto, nikamwambia nimekosa.

Alisikiliza. Alicheka kidogo aliposikia habari ya watoto, halafu akafuta uso.

"Inuka, shemeji. Mimi nilikusamehe siku ile ile. Kusamehe si kazi. Kazi ni lile neno."

"Njoo tu umtazame. Kwa macho. Usimguse."

"Na nikimtazama akizama? Nitafunga macho? Nitamgusa, unajua nitamgusa. Halafu akifa mmoja wetu, wewe au mimi au yeye, itasemwa nini? Mwelu halali. Wazee nimewaendea mara mbili. Wanasema Januari."

"Januari ni mbali."

"Ni mbali. Kesho nahamisha ng'ombe. Nawapeleka Muthetheni kwa dada yangu mpaka mvua iishe. Njia imeshakuwa matope, na mimi siwezi kukaa huko chini nikimwona akija na mikono juu."

Niliona anataka kuniambia kitu kingine. Akatazama bwawa. "Pandisha ua, Mama Wanza. Mtu yeyote asikudanganye. Hii mvua bado."

Alhamisi, 16 Novemba

Maji yamepita mstari.

Kiema alikuja na mwavuli, tukasimama kwenye mtaro wa juu tukitazama. Jiwe kubwa linaonekana kichwa tu. Nguzo zimekwenda, zote, maji yalizibeba tukiwa tumelala. Seng'enge iko chini huko mahali, ndani ya matope. Maji yameingia mpaka mtaro wa pili na yamesimama hapo. Nilihesabu kwa hatua kutoka penye maji mpaka pale Ndunda alipotaka ua. Zilibaki tatu. Ua wa pale ungebaki mkavu.

Kiema hakufanya mzaha. Alisema, "Pole, mama," akachukua mtaimbo wake akaenda.

Ijumaa, 17 Novemba

Hakuanguka. Sijamwambia Musyoka.

Jumanne, 21 Novemba

Silimi. Nikilima simwoni. Nikimtazama, magugu yanakula mahindi. Leo nilimfungia ndani ya nyumba nikapalilia mistari mitatu. Nilimkuta ameanguka, paji la uso limepasuka kwenye mguu wa kitanda, na hakuna aliyemgeuza.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimeenda msalani. Ni hapo tu. Msalani na kurudi.

Nilipotoka mlango ulikuwa wazi. Nilikimbia nikiteleza, nikaanguka, nikaamka. Sikumwona. Niliona leso, inaelea. Niliita jina lake mpaka nikaita la Nzomo, nikaita la mama yangu aliyekufa. Halafu nikaita Ndunda. Niliita Ndunda, Ndunda, nikijua yuko Muthetheni na ni mimi niliyempeleka.

Waliomtoa ni watu wa mtumbwi. Habibu, yule anayenunua samaki na kuwapeleka sokoni, alikuwa amekuja kuchukua mzigo, akaona kitu chekundu kinachezacheza juu ya maji, akadhani ni boya la wavu. Kilikuwa kigingi. Mkono wa Wanza ulikuwa umekishika. Alikuwa anatetemeka ndani ya maji, anaanguka, uso umeingia.

Walimlaza kwenye matope, wakambonyeza, akatapika maji mengi, akalia. Kilio kile nilikisikia kama siku niliyomzaa.

Nilimshika Habibu miguu. Akaniinua. Nguo zake zinatiririka, amepoteza kiatu kimoja.

"Mama, Mungu ndiye mkubwa. Lakini nikuambie tu ukweli. Mimi huja huku Jumamosi peke yake. Leo ni Jumamosi."

Jumapili, 26 Novemba

Anakohoa. Hakuanguka. Anauliza watoto wako wapi.

Jumanne, 28 Novemba

Nimeenda Ndithini kwa boda boda, Wanza katikati yangu na dereva, nimemshika kiuno.

Peris alikuwa anachambua kunde mlangoni. Muema yuko pale pale kwenye ghala, kamba mguuni, anachora chini na kijiti. Hakushangaa kuniona. Alimtazama Wanza, akanitazama mimi, akaingia ndani kuweka sufuria.

"Siku ile hukunywa chai yangu," akasema alipotoka.

"Sikunywa."

"Mbuzi wako hufunguliwa jioni."

"Nilisema hivyo. Nisamehe, mwana wa mama."

"Kunywa kwanza, iko na sukari."

Nilikunywa. Alikaa karibu yangu akaanza kunifundisha, bila kushusha sauti, kama mtu anayemfundisha mwenzake kufuma kiondo. Usitumie manila, inachoma ngozi. Tumia katani, na uiloweshe kwanza ilainike. Funga mguu, usifunge mkono, kwa sababu mkono ni wa kujishikia akianguka. Chini ya kamba zungusha kitambaa cha blanketi mara mbili. Kila asubuhi badilisha mguu. Na upime kabla ya kuchimba nguzo: afike kivulini, afike mlangoni, asifike jikoni kwa moto.

"Nikikaa karibu naye nitamfungua," nikasema.

Peris alimtazama Muema. "Mimi pia nilisema hivyo."

Jumamosi, 2 Desemba

Hakuanguka. Nimepima.

Nilitoa ile kamba ya Kiema jikoni. Nilipigilia kigingi katikati ya uwanja, nikafunga kamba, nikaivuta, nikazunguka nayo nikichora chini kwa kisigino. Mara ya kwanza mduara ulifika kwenye moto. Nikapunguza fundo moja. Mara ya pili haukufika kivulini. Nikasogeza kigingi hatua mbili. Mara ya tatu ilikuwa sawa, kivuli ndani, mlango ndani, moto nje. Wanza alifuata nyuma yangu akikanyaga mstari, akidhani ni mchezo.

Shimo nimechimba mwenyewe. Ardhi ni laini sasa, haikunikataa. Nguzo ni ile moja iliyobaki, ile Kiema alikuwa akiikalia.

Jumatatu, 4 Desemba

Hakuanguka.

Kamba ni ile ile. Hakukuwa na haja ya kununua nyingine. Nimelowesha, nimezungusha blanketi mara mbili. Alinyoosha mguu mwenyewe nimfunge, kama siku za kumvalisha soksi. Kisha akasimama, akaanza kwenda, akafika mwisho. Akarudi. Akaenda upande mwingine, akafika mwisho. Akanitazama.

"Mwaitu, toa."

Niliingia jikoni nikapuliza moto uliokuwa unawaka.

Jumatano, 6 Desemba

Hakuanguka. Nimempa vile vigingi maji yalivyorudisha. Ni vinane. Nimemwekea karai la maji ndani ya mduara, anawaosha hapo.

Jumapili, 10 Desemba

Ameanguka mara moja, saa tatu, karibu na karai. Nilimwaga maji, sasa namwekea kikombe.

Jumatano, 20 Desemba

Hakuanguka. Mvua imepungua. Mahindi niliyobaki nayo yamebeba.

Ndunda amerudi na ng'ombe, Krismasi imekaribia. Nilisikia kengele zao kabla sijawaona. Alisimama kwenye makonge. Wanza aliruka, vigingi vikaanguka, akakimbia mikono juu, "Baba Ndunda!" Kamba ikamsimamisha pale inaposimamisha. Akabaki amenyoosha mikono hewani.

Ndunda alitazama kamba. Aliifuata kwa macho mpaka kwenye nguzo, akatazama mstari wa kisigino changu, wote, mpaka ulipokutana. Alinyoosha mkono juu ya makonge. Si mbali. Kati ya mkono wake na wa Wanza kulikuwa kama hatua nne, nafasi ya kigingi mpaka kigingi.

"Ulipima vizuri," akaniambia. Hakuwa ananidharau.

Akashusha mkono. Ng'ombe wakamvuta, akawafuata.

Wanza alikaa pale pale mwisho wa kamba mpaka jua likaondoka kwake.

Alhamisi, 21 Desemba

Nesi amesoma kitabu chote. Amesema nimeandika vizuri sana, niendelee.

Leo hakuanguka. Hakwenda popote.